Mara Kumi kwa Dakika Kumi na Moja

Mtoto niliyemlea mimi hakuwahi kuchukua hata kijiko cha sukari bila kuomba, na nataka hilo lijulikane kabla sijasema mengine. Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Mama yake alipofariki alikuwa na miaka minne, nikamleta kwangu na kibegi chenye nguo tatu na kiatu kimoja. Cha pili hatujakiona mpaka leo. Kwa damu mimi ni mama yake mkubwa, lakini aliniita mama tu, na mimi sikumsahihisha.

Jina la Waya nilimpa mimi. Alikuwa darasa la pili. Nilirudi kutoka kazini nikakuta redio yangu imetandazwa mkekani kama kuku aliyechinjwa na mtu asiyejua kuchinja, vyuma huku, nyaya kule. Akaniambia redio ilikuwa na kwikwi, na yeye alikuwa anatafuta kwikwi inakaa wapi. Nilimchapa, siwezi kusema uongo. Baada ya siku mbili redio ikaimba bila kwikwi, na skrubu moja ikabaki nje. Nilipomwuliza ya nini, akasema fundi wa kwanza aliiweka kwa wasiwasi.

Chuo hakikuwezekana. Alipomaliza shule alianza kufagia kwenye duka la kutoa nakala, akatoka kwenye ufagio akaingia kwenye kompyuta, na kutoka kwenye kompyuta akaingia kwenye seva. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, lakini seva naijua, kwa sababu aliniambia kwa maneno ya watu. Ni kompyuta kama nyingine, ila haina mtu anayekaa mbele yake. Kazi yake ni kukesha na kujibu. Ukiandika anwani ya tovuti kwenye simu yako, swali linakwenda kwake, naye anakuletea ukurasa. Akizimia, kila anayebisha hodi anakuta nyumba kimya.

Alikuwa na mtindo wake wa kazi, na sijaona mwingine anaufuata hivyo. Kabla hajagusa faili lolote la mpangilio wa seva, analitolea nakala na kuiandikia tarehe. Kisha anaandika kwenye daftari la shule, lile la kurasa themanini: leo nimebadilisha nini, na kwa nini. Na habadilishi vitu viwili kwa pamoja. Alikuwa akisema ukibadilisha viwili mashine ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi. Nikamwambia wodini kwetu mgonjwa alikuwa anapewa vidonge vya rangi nne kwa mkupuo na anapona. Akasema ndiyo maana akiugua tena mnampa vyote vinne.

Wodini kwetu, nasema, kwa sababu hospitali ile ni yangu. Nilikuwa mhudumu pale miaka thelathini na mmoja. Nimesafisha, nimebeba, nimefunga macho ya waliokwenda, na katika miaka yote hiyo sikuandikiwa barua hata moja ya onyo. Wakubwa wamebadilika, rangi za kuta zimebadilika, mimi nikipita watu wanasimama. Kwa hiyo Waya alipochukuliwa pale kwa majaribio ya miezi sita, nilitembea barabarani kama mtu aliyevaa kofia mpya. Miezi sita ikiisha, Ijumaa, mganga mkuu angetia saini na Waya angekuwa mwajiriwa wa kudumu, wa kwanza katika ukoo wetu kuajiriwa kwa kazi ya kukaa.

Kazi aliyoifanya pale ilikuwa ya kliniki ya macho. Daktari wa macho alikuwa anakuja siku moja kwa mwezi kutoka mbali, anapasua watu ishirini, anaondoka saa nane kwenda kwingine. Zamani orodha ilikuwa kwenye karatasi, na karatasi ina miguu. Leo wewe ni wa tano, kesho wa kumi na tano, kwa sababu shemeji ya fulani amefika. Waya akaitengenezea tovuti. Mgonjwa akiingiza namba yake kwenye simu, anaiona zamu yake. Wafanyakazi wana mlango wao, wenye vipimo vya kila jicho, na mlango huo aliupanga ufunguke kwa kompyuta za hospitali peke yake. Kupandisha au kushusha namba aliweza yeye tu, kwa neno lake la siri, na kwa barua ya daktari.

Dada yangu mkubwa alikuwa namba thelathini na tano.

Dada anaishi nami. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili, akawa anamimina chai pembeni ya kikombe na kusema kikombe kimehama. Yeye alikuwa ametulia kabisa na namba yake. Mimi ndiye sikutulia. Nilimwambia Waya amsogeze tu kidogo, kutoka thelathini na tano mpaka ishirini, nani atajua. Alikuwa anakula. Akaweka kijiko chini.

"Mama, nikimsogeza yeye mbele, kuna watu kumi na watano nawasogeza nyuma. Hao mama zao ni nani?"

Lilinichoma. Si kwa sababu alikosea, ila kwa sababu alilisema kwa upole, kama anavyoongea na mteja. Nikamwambia aliponyanyua kichwa chake kutoka mgongoni kwangu hakuwa anajua kuhesabu mpaka kumi na tano. Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne ya wiki ile ile ya saini alinieleza mezani habari nyingine. Alikuwa amesoma kumbukumbu za seva, maana seva huandika kila anayebisha hodi, saa na anwani yake. Akakuta wahuni kutoka nchi za mbali wanajaribu maneno ya siri, maelfu kwa siku, wakibahatisha. Ameweka bawabu, akasema. Anayekosea mara kumi anafungiwa, anwani yake haisikilizwi siku nzima. Niliitikia kama mtu anavyoitikia hotuba. Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia.

Alhamisi ikawa siku ya macho. Nilifika hospitali saa moja kasoro, peke yangu, eti kuangalia kama kuna namba itakayokosa kuja. Karani wa mapokezi, binti mpole wa mwaka wa pili kazini, akaniamkia, akaniomba nimshikie kiti apeleke majalada wodini. Nani mwingine angemwachia? Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikakaa. Mbele yangu ulikuwepo ule ukurasa wa mlango wa wafanyakazi, na visanduku viwili vitupu: jina, na neno la siri.

Jina lake la kuingilia nilikuwa nalijua. Nimemwona akiliandika nyumbani, akiingia kwenye seva, mara ngapi. La siri sikulijua, lakini nilijiambia, kuna kitu gani cha mtoto huyu nisichokijua mimi? Nikavua miwani, nikaifuta, nikaanza.

Kwanza niliandika jina la marehemu mama yake. Ikakataa. Nikaliandika tena pamoja na mwaka aliozaliwa. Ikakataa. Nikaandika Waya. Nikaandika jina la mbwa wetu, yule aliyemlilia siku tatu akakataa na kula. Nikaandika jina la mwalimu aliyemchapa kwa kosa la mwenzake, maana najua watu huficha vitu hata kwenye chuki. Kisha nikatabasamu peke yangu, nikajiona mjinga kwa kutoanza hapo, nikaandika jina langu. Nililiandika polepole, herufi kwa herufi, kwa kidole kimoja. Ikakataa. Nikadhani nimekosea kubonyeza, nikaliandika tena. Ikakataa tena. Mwenzenu hapo niliona uchungu mkubwa kuliko wa mwanzo. Nikaandika mengine mawili ya kubahatisha tu, na la kumi likawa jina la dada. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukabaki mweupe.

Nikajua imeharibika, kama vitu vya kisasa vinavyoharibika. Karani akarudi, nikampisha kiti chake, nikaenda kukaa kwenye benchi na wagonjwa.

Dakika tano baadaye karani alikuwa anapiga kibodi kama anayetwanga. Orodha haifunguki. Chumba cha upasuaji nako haifunguki. Kwa daktari wa macho haifunguki, na daktari yule hapasui jicho bila kuona vipimo vyake, maana kioo kinachowekwa ndani ya jicho lazima kilingane nalo. Akaitwa Waya.

Alikuja na kompyuta yake ya begani na daftari. Akajaribu tovuti nyingine kwenye kompyuta ya karani, zikafunguka, kwa hiyo intaneti ipo. Akatoa simu yake, akajaribu ukurasa wa wagonjwa, ukafunguka mara moja. Akasema kwa sauti, kama anajisemea, kwake inafunguka. Muuguzi wa chumba cha upasuaji, mama mmoja wa maneno makali, akamjibu basi tuwalaze wagonjwa juu ya simu yako. Benchi zima likacheka. Na mimi nilicheka, nikiwa katikati yao.

Nikamtazama akifanya kazi saa tatu nzima. Sijawahi kumtazama hivyo. Aliunganisha kompyuta yake na simu, akaifikia seva kwa njia yake ya nyuma, akakuta ni nzima, inapumua, inawajibu watu wa mjini. Akafungua daftari. Bawabu hakumshuku, maana alimweka kwa ajili ya wahuni wa nje. Wiki iliyopita alikuwa amebadilisha cheti cha usalama cha tovuti, kile kinachothibitisha kuwa tovuti ni yenyewe. Akarudisha cha zamani, akajaribu kwa karani, bado. Akakirudisha kipya mahali pake kabla ya kugusa kingine. Akazima kile kisanduku chenye taa kinacholeta intaneti, akakiwasha, bado. Akaiwasha seva upya, bado. Kila kitu kimoja kimoja, na kila kimoja anakiandika, huku muuguzi anapita na kuuliza kama fundi anaandika wasia. Jasho lilikuwa linamtoka shingoni. Wazee kwenye benchi walianza kulala kwa kuegemeana. Mzee mmoja seremala, namba nne, aliniuliza kama wataitwa. Nikamwambia subira, baba.

Kisha Waya akamwambia karani kwamba seva haijaisikia hospitali tangu saa moja na dakika kumi na tisa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile saa moja na dakika ngapi? Ukutani mbele ya kiti ipo saa. Niliiangalia mara ngapi.

Mwisho akafungua orodha ya bawabu wake. Hospitali nzima, kompyuta zote, hutoka nje kwa anwani moja, kama nyumba yenye mlango mmoja. Na anwani hiyo ilikuwa humo, miongoni mwa wahuni wa nchi za mbali. Akashuka kwenye kumbukumbu akasoma: majaribio kumi, dakika kumi na moja, jina la kuingilia ni lake mwenyewe. Alisoma mara mbili. Hakuniangalia. Aliangalia kiti cha karani, kisha meza, kisha kando ya kibodi, ambako kilikuwepo kitambaa changu cha kufutia miwani, cha maua ya bluu, nilichokishona mwenyewe. Akakichukua, akakikunja mara mbili, akaja mpaka kwenye benchi.

"Mama, umesahau hiki."

Nikapokea. Akarudi, akaifuta hospitali kwenye orodha ya waliofungiwa, na kompyuta zote zikafunguka kwa pamoja. Ilikuwa saa nne na nusu. Daktari akakimbizana na muda, akapasua kumi na watatu, saa nane akaondoka. Saba wakarudishwa nyumbani. Yule seremala, namba nne, aliwahi kupasuliwa, lakini kati ya waliorudishwa wapo waliotoka mbali, na mmoja wao aliongozwa na mjukuu mpaka getini akiuliza kama bado ni asubuhi.

Mganga mkuu akaja mapokezi kutaka kujua. Waya akamweleza bila kuzunguka. Mganga akataka jina la aliyejaribu kuingia. Karani akasema aliondoka kitini robo saa. Akaulizwa nani alibaki. Macho yake yakanijia, yakaondoka. Alikuwa na adabu, yule binti. Nani anyooshe kidole kwa mama aliyehudumu pale miaka thelathini na mmoja?

Mdomo ulikuwa wangu. Ulimi ulikuwepo. Nilichokuwa nakiona ni watu wote wale, wauguzi niliowafundisha kutandika vitanda, wananiona mimi mwizi wa foleni. Nikakiangalia kitambaa changu.

"Mashine haijui sura, daktari," Waya akasema. "Inajua anwani tu. Kosa ni la mpangilio wangu. Nilipaswa kuiandika hospitali kwenye orodha ya wasiofungiwa, nikasahau. Awe amejaribu nani, wagonjwa hawakupaswa kuumia."

Na ilikuwa kweli. Ndiyo ubaya wake, ilikuwa kweli, na mimi nikajificha ndani ya ukweli wake kama panya ndani ya gunia. Karani akaandikiwa barua ya onyo kwa kuacha kiti. Ijumaa saini haikutiwa. Mganga akamwambia amalize mwezi, akabidhi.

Siku zile nyumbani tulikuwa tunaongea habari za maji, za mkaa, za dada. Akarekebisha simu za watu barazani. Nilimpikia kila anachopenda, na nikimpakulia nilikuwa najaza sahani mpaka anauliza kama kuna mgeni. Hakuniuliza hata siku moja. Nilingoja aniulize. Nilikuwa nimeandaa na jibu, zuri kabisa, lenye macho ya dada ndani yake.

Mwezi wa pili akapata kazi mji mwingine, kulinda seva za kampuni moja, zamu za kupokezana. Asubuhi anafunga begi nilisimama mlangoni, nikamwambia ni mimi.

"Najua, mama."

Nikamwuliza kwa nini hakuniuliza.

"Ningekuuliza ungenidanganya. Sijawahi kukusikia ukidanganya, sikutaka kuanza."

Akafunga zipu. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa nimembebea daftari lake.

Ilinichukua wiki tatu nyingine. Msidhani nilikuwa naumwa. Nilikuwa nasuka maneno na kuyafumua. Mwisho nikavaa gauni langu la kustaafia, nikaenda kwa mganga mkuu, nikamwambia kila kitu, mpaka jina la mbwa. Nilimwambia mlango ukiwa wazi, karani anasikia, na muuguzi wa maneno makali alikuwa anapita na trei akasimama. Nikamwomba mawili: barua ya yule binti ifutwe, na Waya aitwe.

Barua aliifuta pale pale, akaichana mbele ya karani. Kuhusu Waya, akashusha miwani.

"Mama, ungekuja ile Ijumaa, kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Sasa nafasi ina mtu."

Nikamwambia basi aniandikie mimi onyo, liingie kwenye jalada langu. Akasema jalada la mstaafu limefungwa, liko stoo, na akaniambia nirudi nyumbani nikapumzike. Kwa sauti ile ile ya kuongea na watu wazima waliopotea njia. Karani alinisindikiza mpaka getini, akanishukuru, ati. Nilitamani anitukane.

Nikampigia Waya simu. Nikamwambia nimekwenda, nimesema, watu wamesikia, sasa jina lake ni safi. Kwa nyuma nilisikia mashine zake zikivuma kama nyuki.

"Umefanya vizuri, mama. Ila usiseme umefanya kwa ajili yangu. Hata ile ya kwanza ulijiambia ni kwa ajili ya mama mkubwa."

Akasema zamu imeanza, atapiga Jumapili. Akakata.

Dada alikuwa amekaa karibu na dirisha. Macho bado. Wale saba walisukumwa hadi mwezi uliofuata, wakawasukuma wengine, na namba thelathini na tano ikasogea mbali zaidi kwa mkono wangu mwenyewe. Akaniuliza mtoto amesema nini. Yeye alikuwa anajua habari ya mtambo kuharibika tu. Nikakaa mkekani, nikamweleza yote, kiti, visanduku viwili, majina kumi, la mwisho lake yeye.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kugeuza uso.

"Nilikutuma?" akauliza.

Nikasema hapana, dada, hukunituma.

"Basi usiliweke jina langu humo," akasema, na akapapasa pembeni kutafuta kikombe chake. Nilinyoosha mkono kumpa. Akasema niache, atakipata.